Mke wangu ni Mjerumani, mama ameshapeleka posa kwingine

SWALI

Washauri, nawasalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka 42, Mbondei, naishi Tanga mjini. Mke wangu ni Mjerumani. Tulifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya mwaka 2014. Siku nane baadaye sheikh wa mtaani kwetu alitusomea nikaha nyumbani kwa mama, kwa kuwa mama alisema bila hiyo hamhesabu mkwe. Mke wangu alibatizwa Kilutheri, hajasilimu na sijamlazimisha. Tuna mabinti wawili, wa miaka 9 na 6.

Baba ameshafariki. Mama na ndugu zangu wa kiume wanasema nyumba yangu haina mtoto wa kiume, mke hajui kukaa na watu, na mimi Mwislamu nina haki ya wake wanne. Mwezi juzi mama alipeleka barua ya posa kwa mwalimu wa chekechea mwenye miaka 27, hajawahi kuolewa. Kishika uchumba cha shilingi 300,000 nilitoa mimi. Kwao wamekubali na wanataka harusi Mfungo Tatu. Wanajua nina mke mzungu, na wameambiwa ameridhia. Hajaridhia. Hajui lolote.

Nilimdokeza kwa mzaha: angefanya nini nikioa mke wa pili? Akajibu, "Nafunga mizigo naondoka na watoto." Tangu siku hiyo hataki kwenda kwa mama.

Mshahara wangu baada ya makato ni 1,300,000 kwa mwezi, na katika hizo mama nampa 200,000. Mke anafundisha Kijerumani kwa intaneti na anapata karibu mara mbili yangu. Nyumba tunayokaa iko kwenye kiwanja chenye jina langu, lakini sehemu kubwa ilijengwa kwa fedha zake. Tunafikiria kuhamia Ujerumani mabinti wakifika sekondari.

Naomba kujua: ile nikaha hainipi ruhusa ya mke wa pili? Na nimweleze vipi mke wangu aelewe kwamba kwetu sisi huu si usaliti?

Baba Mabinti, Tanga


JAWABU

Kaka, kitoe cheti chako cha ndoa kabatini ukisome kabla hujaendelea kusoma hapa. Maswali yako yote mawili yanashikwa na karatasi hiyo kuliko yanavyoshikwa na mila.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za aina mbili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyofungwa kwa njia nyingine yoyote, na ya bomani imo humo, huchukuliwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo rudi kwenye zile fomu za taarifa ya kusudio la ndoa, ambazo hutolewa angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Mlijaza nini kuhusu aina ya ndoa? Kama nakala imepotea, kumbukumbu ziko ofisi ya wilaya ilikofungwa ndoa, na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) ndiyo inayoshika daftari kuu la nchi. Ukikuta mliandika mke mmoja, au hamkuandika kinyume cha hivyo, wewe ni mume wa mke mmoja.

Nikaha ya siku nane baadaye haibadilishi hilo. Sheria hiyo hiyo inawaruhusu watu waliokwisha kuoana kufanya sherehe nyingine ya ndoa wakipenda, lakini kama ya kwanza ilikuwa halali, ya pili haigusi hadhi yao wala matokeo ya ile ya kwanza. Mbele ya dini nikaha ile ina uzito wake, nasi hatuudharau. Mbele ya sheria, sheikh alipofungua kinywa mlikuwa mmeshaoana wiki nzima na siku moja. Kosa hili tunaliona sana kwenye ndoa za mchanganyiko: wenzi wanakwenda bomani kwa ajili ya viza na karatasi za ubalozi, kisha wanafanya ya dini kwa ajili ya wazazi, na kila mmoja anabaki akiamini kwamba ndoa yenyewe ni ile aliyoitaka yeye.

Aliye kwenye ndoa ya mke mmoja haruhusiwi kuoa tena, na akioa, ndoa ile ya pili ni batili. Fikiria maana yake kwa yule mwalimu. Atapambwa, atasindikizwa kwa vigelegele, atahamia kwako, na siku mtakapogombana au utakapofariki atakwenda mahakamani na kukuta kwamba hakuwahi kuwa mke. Watoto atakaozaa wana haki ya matunzo yako kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hiyo haina shaka. Yeye mwenyewe ndiye atakayebaki mikono mitupu, na wazazi wake walimtoa kwa kuambiwa neno la uongo.

Iko njia halali ya kugeuza ndoa ya mke mmoja kuwa ya wake wengi. Kifungu cha 11 kinasema mume na mke waende pamoja mbele ya jaji, hakimu mkazi au hakimu wa wilaya, kila mmoja atamke kwamba anakubali kwa hiari yake, tamko liandikwe, wasaini wote wawili na yeye aliyelishuhudia, kisha nakala ipelekwe kwa Msajili Mkuu. Ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Hiyo si yenu. Lakini angalia neno hiari. Ujumbe wa simu hautoshi, wala "aliguna tu, hakukataa", wala ndugu yako kusaini kwa niaba yake. Anayetakiwa kusimama mbele ya hakimu ni mke wako, kwa miguu yake, na jibu lake umeshalisikia.

Unataja wake wanne. Aya ya 3 ya Sura An-Nisaa inayowataja ndiyo hiyo hiyo inayosema ukihofia kutofanya uadilifu basi mmoja tu. Sasa tupige hesabu ya uadilifu wako kwa fedha. Nyumba ya pili kwa makadirio ya chini: kodi 120,000, chakula 300,000, maji na umeme 40,000, nauli, mavazi na matibabu 90,000. Jumla 550,000 kila mwezi, kabla ya mahari, vyombo na kodi ya miezi sita ambayo wenye nyumba huitaka mbele. Toa na zile 200,000 za mama. Umebakiwa na 550,000 za nyumba ya kwanza yenye watoto wawili wanaosoma. Leo upungufu huo unazibwa na mke wako, tena kwa hiari yake, maana kwa fikihi mali ya mke ni yake na utajiri wake haumwondolei mume wajibu wa matunzo. Kwa maneno mengine, mke wa pili ataishi kwa mshahara wa mke wa kwanza. Na hapo hatujagusa siku: kila mke ana haki ya makao yake na zamu sawa, na bibi harusi aliye bikira ana siku saba za mwanzo peke yake. Siku hizo saba utamwambia mama watoto uko wapi?

Dini ina neno jingine ambalo ndugu zako hawakukutajia. Aya ya kwanza kabisa ya Sura Al-Maida inawaamrisha walioamini watimize mikataba yao. Mwaka 2014 uliweka mkataba na binti wa watu aliyekuja na hati kutoka kwao kuonyesha kwamba hana mume mwingine, akitoka nchi ambayo sheria yake haijui ndoa nyingine ila ya mke mmoja. Alijua anasaini nini. Wewe je?

Sasa swali lako la pili. Unataka aelewe kwamba huu si usaliti. Kaka, ni usaliti, na si kwa sababu yeye ni mzungu. Nenda kwa mwanamke yeyote wa Muheza au Pangani anayeishi uke wenza kwa amani, umuulize alijuaje. Atakwambia mume alikaa naye, akamwambia kabla ya barua kwenda, na mara nyingi akampa kitu cha kumliwaza. Aliyeambiwa na jirani sokoni hatakujibu kwa amani. Kwa mila yetu wenyewe, kupeleka posa huku mke wa ndani hajui, na kuwaambia wakwe kwamba ameridhia, ni aibu.

Kwa upande wake kuna jambo la kuongeza. Ujerumani hakuna nafasi yoyote katika sheria wala katika ukoo inayoitwa mke wa pili. Kwetu neno hilo lina picha: mwanamke anayejulikana, mwenye nyumba, anayesalimiwa, ambaye watoto wake wanaitwa kwa jina la baba. Kwake halina picha hiyo, kwa hiyo akili inalipeleka kwenye picha iliyo karibu, ya mume mwenye hawara. Ukimwambia "mke wa pili" anasikia kwamba una mchepuko na unataka aukubali hadharani, tena mbele ya watoto wake wa kike. Hotuba ya utamaduni haitaondoa picha hiyo. Mzaha ndio umeizidisha, maana tangu siku ile anaishi akisubiri ukweli utoke.

Kinachotakiwa kutangulia ni kusimamisha posa. Mwite mshenga aliyepeleka barua. Aende kwa wazazi wa mwalimu na mtu mzima mmoja wa upande wako, mjomba ni bora kuliko kaka, wakaseme wazi: ndoa ya kijana wetu ni ya mke mmoja, mke wake hakuambiwa, tunaomba radhi na tunaiondoa posa. Wasitumie kisingizio cha ugonjwa au hali ya fedha, kwani kisingizio huacha mlango wazi na binti wa watu ataendelea kusubiri. Kishika uchumba usikidai. Wewe ndiye unayevunja, na fahamu kwamba Sheria ya Ndoa inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia ya hasara aliyoingia, kwa mfano nguo zilizoshonwa au ukumbi uliolipiwa. Mkiulizwa gharama, lipeni bila kubishana.

Mshenga akirudi, zungumza na mke wako kabla jua halijatua siku ya pili. Tanga si mji wa kuficha posa iliyovunjika.

Chagua asubuhi ambayo watoto hawapo nyumbani mpaka mchana. Si kwa mama, si hotelini, si ndani ya gari. Kama lugha yenu ya ndani ni Kiswahili na ana lugha nyingine anayolilia kwayo, mpe nafasi ajibu kwa hiyo, hata kama wewe utaokoteza. Usianze na "kwetu" wala "dini inasema". Anza na tendo lako, kwa sentensi fupi: "Mama alipeleka posa kwa mwanamke mwingine. Mimi nilijua. Nilitoa laki tatu. Sikukwambia. Jana nimeivunja." Kisha nyamaza. Atauliza tarehe, jina, mlikutana mara ngapi, mliandikiana nini, mliwahi kulala pamoja. Jibu kila moja mara moja na kwa ukamilifu. Kinachoziua ndoa katika mazungumzo ya aina hii ni ukweli wa vipande: leo unakiri barua, kesho fedha, wiki ijayo picha kwenye simu, na kila kipande kinakuwa jeraha jipya. Kama mlilala pamoja, mkapime virusi vya UKIMWI na magonjwa ya zinaa wewe na mkeo kabla hamjarudi chumba kimoja.

Yapo maneno ambayo ukiyatamka umemaliza: "wewe mzungu huwezi kuelewa", "ningeweza kuoa kimyakimya usingejua", "mama ndiye aliyetaka". La mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu ni kweli nusu. Mama hakuzitoa zile laki tatu.

Akisema anataka kwenda kwao na watoto kwa wiki kadhaa, usifiche pasipoti. Ukizificha umemthibitishia kila hofu aliyo nayo. Kaeni muandike karatasi moja: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, anwani watakapokaa, saa za kupiga simu na watoto, nani analipa tiketi. Wasaini wote wawili.

Tufike kwa mama, na hapa tutakaa kidogo, kwani posa ni homa na ugonjwa uko kwenye lile neno "hajui kukaa na watu". Lipasue uone kilichomo.

Kimo chakula cha usiku. Kwa desturi Wajerumani wanakula chakula cha moto mchana. Jioni wanaweka mezani mkate, jibini, matango na soseji za baridi, na jina lenyewe la mlo huo kwao maana yake ni mkate wa jioni. Kwao mlo huu ni wa utulivu, familia inakaa mezani bila haraka. Mama yako akija kwenu akawekewa vipande vya mkate saa moja usiku, atarudi akisema amelazwa njaa na mkwe. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Limo swali la "mama utaondoka lini?" Mke wako anauliza ili apange vipindi vyake, shuka na nani atalala na nani. Mama anasikia kwamba anafukuzwa. Msaidie asiulize. Muulize wewe mama kwa njia yetu, "Mama, nikukatie tiketi ya Jumatatu au ya Jumatano?", na umpelekee mkeo jibu.

Umo msiba. Hili ndilo zito, na kwa kawaida ndilo linaloivunja heshima ya mkwe wa kigeni. Kwa Wajerumani kukaa muda mrefu nyumbani kwa wafiwa ni kuwachosha. Mtu anatoa mkono, anasema neno, anaondoka, na hiyo ndiyo adabu. Kwetu mkwe aliyekuja saa moja akaondoka amekuja kama mgeni. Mkwe anatakiwa ajifunge khanga, aingie jikoni, alale matanga walau usiku wa kwanza. Usimwambie mkeo "uwe na heshima msibani", maana heshima kwake ni kuondoka mapema. Mwambie kazi: utafika saa tatu asubuhi, utakaa mkekani na wanawake, utaosha vyombo vya mchana, utalala usiku mmoja, kesho yake baada ya chai utaaga. Kwa kazi zenye mwanzo na mwisho utaona anavyojitahidi. Na mtafutie somo. Kwenye shughuli zetu bibi harusi hafundwi na mumewe. Hufundwa na mwanamke mzima. Wako aliingia ukoo bila kungwi. Tafuta shangazi au wifi mwenye subira, asiye na ugomvi na upande wowote, awe wa kukaa kando yake na kumnong'oneza: sasa salimia, sasa pokea sahani, kwa mkono wa kulia, sasa kaa chini.

Imo "hapana" yake. Kwa Mjerumani kukataa jambo moja kwa moja ni ukweli na hakumaanishi dharau. Kwa mama yako hapana ya mkwe ni tusi. Sentensi mbili zinatosha kwa kuanzia: "Tutaona, mama," na "Nitamwambia baba watoto." Mfundishe. Na wewe unapoletewa neno hilo, ulijibu, usiliache lioze.

Na zimo fedha. Wewe huenda unampa mama kimyakimya, mke anaona salio limepungua na anauliza, unajibu kwa ukali. Zile 200,000 ziwe wazi na ziwe na tarehe. Tengeni nyingine 100,000 kila mwezi kwa dharura za ukoo, yaani msiba, hospitali na ada. Zikiisha zimeisha mpaka mwezi ujao, na anayesema zimeisha ni wewe, si mke. Kisha fanya hivi: mwezi mmoja upeleke wewe, mwezi wa pili mke ampelekee mama mkononi mwake. Fedha zinazotoka mkononi kwa mkwe zina maana nyingine kabisa kwa mama.

Ukiyatazama yote haya utaona mahali pako. Kwa zaidi ya miaka kumi umekuwa mkalimani wa lugha tu. Mama akilalamika umemwambia mke "mama amekusalimu". Mke akichoka umemwambia mama "ana kazi nyingi". Kila upande umefichwa, ukadhani mwingine ana kiburi, mpaka mama akaamua dawa ni mkwe mwingine. Kwa hilo hatumlaumu mama peke yake.

Mtoto wa kiume: kinachoamua mtoto awe wa kiume au wa kike ni mbegu ya baba. Mke wa pili angezipokea mbegu zile zile. Mwambie mama hilo kwa heshima, kupitia mganga mfawidhi wa zahanati au mtu mzima anayemsikiliza, kwa maana akilisikia kwako atadhani umefundishwa na mkeo.

Lakini ndugu zako wanaposema mtoto wa kiume, sikiliza vizuri, wanasema mirathi. Wewe ni Mwislamu, na mahakama zetu huangalia marehemu aliishi kwa dini na mila gani ndipo ziamue sheria ya kugawa mali yake. Ukifariki leo na ikatumika sheria ya Kiislamu, mabinti wawili wasio na kaka wanapata theluthi mbili kwa pamoja, mama yako sudusi (moja ya sita), na sudusi inayobaki inakwenda kwa ndugu zako wa kiume. Mke asiye Mwislamu harithi. Hapati thumuni (moja ya nane) wala senti, ijapokuwa matofali ni yake. Na kama ungekuwa na mke wa pili wa Kiislamu ambaye ndoa yake imekubaliwa, yeye wa miezi sita angechukua thumuni yote, na wa miaka kumi na zaidi aliyejenga angetoka na sanduku la nguo.

Hili unaweza kulirekebisha mwezi huu. Asiyerithi anaweza kuusiwa mpaka theluthi moja ya mali. Andika wasia mbele ya wakili na mashahidi wawili wasio warithi, umtaje mke kwa theluthi hiyo, na wasia uuhifadhi RITA, ambako huduma hiyo ipo. Nyumba yenyewe ni shida nyingine, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mabinti zako, wakiwa raia, wanaweza. Wengi katika hali yako huwapa watoto kiwanja kwa hiba wakiwa hai, mahari ya mkeo na mchango wake wa ujenzi ukiandikwa kando kama deni la mume, kwa sababu deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Kusanyeni risiti za saruji, mabati na fundi mziweke faili moja. Wakili aangalie mpangilio mzima kabla hujasaini chochote, hiba iliyokabidhiwa hairudi kirahisi.

Utajiuliza kama ipo njia nyingine, ya kumwacha huyu ukamwoe yule. Ipo, na uijue ilivyo. Talaka ya mdomo haivunji ndoa ya bomani. Mgogoro unapelekwa kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, likishindwa linatoa hati, ndipo mahakama inapokea shauri. Katika kugawa mali mahakama hupima mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed hata kazi za nyumbani ni mchango. Jina lako kwenye hati ya kiwanja halitafuta fedha zake.

Na Ujerumani mnakofikiria kwenda, kuoa ukiwa tayari una ndoa ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 3 au faini. Mwenye mke anayeishi naye kule hapewi kibali cha kumleta mwingine kama mke. Uraia wao haupewi mtu mwenye wenzi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Harusi ya Mfungo Tatu ingeweza kukufungia mlango huo wewe, baba wa mabinti hao.

Kwa wasomaji wa Mombasa na Lamu wenye jambo kama hili: Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 ni ya wazi zaidi. Ndoa ya Kikristo, ya kiserikali na ya Kihindu ni ya mke mmoja. Ya Kiislamu na ya kimila inaweza kuwa ya wake wengi. Tazameni cheti chenu kimetolewa chini ya sehemu ipi.

Mama mwenyewe mwendee peke yako, Ijumaa baada ya swala, na umwambie posa umeivunja wewe, si mkeo. Atalia, na huenda akasusa mwezi mzima. Endelea kumpelekea fedha zake tarehe ile ile. Akikubali kuja kwako tena, mwambie mkeo mapema, na kabla ya magharibi sufuria ya wali wa nazi na samaki iwe jikoni, hata kama aliyeipika ni wewe.